Sakafu ya nyumba karibu na Ziwa Victoria, Entebbe: lamineti, taili au nibaki na saruji?

binti_wa_ziwa
Habari zenu jamani. Nyumba yetu iko upande wa chini kule Entebbe, ukisimama barazani ziwa unaliona. Sakafu ni ile saruji nyekundu ya zamani, mama ameipaka nta miaka yote na inang'aa kweli, ila sasa imeanza kubabuka na vyumba viwili vya nyuma unyevu hauishi, hizi mvua za Machi mpaka Mei ndo balaa kabisa, ukiweka sanduku la nguo chini ukija kuliinua unakuta ukungu. Mdogo wangu ana pumu, so hili jambo linaniumiza kichwa. Nimeona lamineti, vile vibao vya kutandika sakafuni, ya rangi ya mbao Kampala, nzuri mno, muuzaji anasema haiingii maji. Fundi mwingine anasema tupige taili juu ya hiyohiyo saruji. Aliyefanya kazi kwa nyumba ya karibu na maji anishauri, sitaki kumwaga pesa halafu mwakani nianze kubandua.

fundi_kajjansi
Dada, usinunue kitu bado. Jua kwanza maji yanatoka wapi, maana kuna unyevu wa hewa na kuna unyevu wa ardhini, na dawa yake si moja. Chagua mahali, sugua nta yote itoke, paache pakauke, halafu chukua kavera (nailoni nyepesi) safi kama mita moja kila upande uibandike na selotepu kingo zote hewa isipite. Iache siku mbili tatu. Ukikuta matone upande wa chini wa kavera au saruji imekuwa nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Matone yakiwa juu ya kavera, hiyo ni hewa ya ziwa tu inakutana na sakafu baridi. Fanya chumba cha nyuma na cha mbele pia ndo upate kulinganisha.

Nyumba nyingi za zamani zilimwagwa saruji juu ya mawe na udongo bila ile nailoni nyeusi nene (geji 1000) ya kuzuia unyevu chini yake. Saruji inavuta maji kama utambi unavyovuta mafuta, na ukiona unga mweupe juu ujue ni chumvi imepanda na hayo maji.

Kuhusu lamineti, banange achana nayo kwa vyumba hivyo. Ndani yake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Kinachokataa maji ni ngozi ya juu peke yake, maji yakitoka chini yanaingia kwenye maungio, kingo zinavimba na zikishavimba hazirudi hata ukaushe namna gani.

njeru_kwetu
Mimi niko Njeru ng'ambo ya Jinja, unyevu tunaujua. Nyabo, taili ni sawa lakini uliza ni taili gani. Porselini inanyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, ila zile taili laini za ukutani zinanyonya hata zaidi ya asilimia 10 na kuna maduka yanakuuzia tu uweke chini. Usichukue zenye kung'aa kwa sababu mvua ikinyesha na watoto wanaingia na miguu ya maji wanaanguka, chukua zenye uso wa kukwaruza kidogo. Na simama hapo fundi akipaka gundi, aisambaze taili nzima, wengi wanaweka madonge manne pembeni na moja katikati halafu chini panabaki patupu, ukigonga unasikia inalia, maji yanakaa humo na taili inapasuka ukisogeza kabati.

Zile zulia za plastiki za kukunjua nazo usitandike vyumba vya nyuma. Zinafunika unyevu tu, chini panaota ukungu mweusi na harufu, na kwa mtoto wa pumu hiyo ni hatari.

mzee_wa_bombo
Binti yangu, wote wanaongelea ndani, mimi nasema nenda nje kwanza. Zunguka nyuma ya hivyo vyumba uangalie udongo umefika wapi ukutani. Unatakiwa uwe chini ya sakafu kama inchi 6. Angalia na maji ya paa yanamwagika wapi. Halafu kumbuka ziwa lenyewe, Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita hata rekodi ya 1964, na ziwa likipanda maji ya ardhini kando yake yanapanda nalo. Na taili juu ya nta haishiki, atakayekuambia inashika anataka pesa yako.

binti_wa_ziwa
Shikamoo mzee. Nimefanya ya kavera, nyuma matone yako chini kabisa na saruji nyeusi, mbele pakavu. Na nimezunguka nje, udongo umepita sakafu, jirani alijaza kiwanja chake na mvua yote inashuka kwetu. Sasa nivunje nyumba nzima?

fundi_kajjansi
Hapana, vunja hivyo viwili tu. Unachimba, unashindilia, mchanga kidogo ili nailoni isitoboke, nailoni ipande ukutani na maungio yalaliane vizuri, halafu zege inchi 4. Siku 28 ni za nguvu, kukauka ni zaidi, hesabu kama mwezi kwa kila inchi na huku kwetu hata zaidi. Anza Juni mvua zikikata. Vyumba vya mbele sugua nta upake upya, hiyo sakafu ya mama bado nzima.

mzee_wa_bombo
Fundi sikukatai, ila asivunje Juni hii. Ongea na jirani kwa heshima, chimbeni mfereji wa mawe nyuma ya ukuta, mshushe udongo, weka gata kwenye paa, halafu mvua za Septemba mpaka Novemba zipite. Mwezi wa kumi na mbili rudia kavera. Pakiwa pakavu umeokoa pesa ya zege. Pakilowa tena ndo uvunje, na ule mfereji utakuwa bado unafanya kazi.

binti_wa_ziwa
Nimeelewa mzee, naanza na jirani Jumapili. Mdogo wangu nishamhamishia chumba cha mbele. Fundi, huo mfereji uende chini kiasi gani?

fundi_kajjansi
Uwe chini kuliko sakafu yako, ila usifike chini ya msingi, na uwe na mteremko wa kutoa maji mbali na nyumba. Nitumie picha ya huo ukuta wa nyuma kabla hamjashika jembe.