Naomba ushauri: je, bao linafaa kueleza atomi za baridi kali?

Mwalimu wa Langoni:
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nafundisha fizikia sekondari hapa Lamu, na wanafunzi wameniomba niwaeleze jaribio la Munich la mwaka 2002, ambapo Greiner, Bloch na wenzao walipoza atomi za rubidi karibu na sifuri halisi, wakazitia katika kimia cha mwanga wa leza chenye mashimo madogo kama ya bao, kisha wakauzidisha mwanga hadi atomi zilizokuwa zikitiririka pamoja zikakwama. Nimefikiria kutumia bao, kete ziwe atomi. Je, nitawapotosha?

Fundi wa Shela:
Mwalimu, bao linafaa. Mambo mawili yanashindana: atomi hupenya kwenda shimo jirani, lakini mbili zikikaa shimo moja husukumana, na msukumano huo hugharimu nishati. Mwanga ukizidi, kina cha mashimo huongezeka, kupenya hufifia upesi, na kila shimo hubaki na idadi kamili ya atomi. Panga kete moja kila shimo, uwaoneshe kwamba anayehama hana budi kumwingilia jirani. Hali hiyo huitwa kihami cha Mott.

Binti Mkomani:
Nakubali nusu tu. Kabla ya kukwama, bao linadanganya, kwa sababu kete iko shimo moja, ilhali kila atomi wakati huo imeenea mashimo mengi kwa pamoja kama wimbi. Leza zilipozimwa ghafla, mawimbi ya atomi yalipishana na kutoa vilele vikali pichani. Kimia kilipoimarishwa kabla ya kuzimwa, vilele vikatoweka, na kilipolegezwa tena vikarejea ndani ya milisekunde chache. Kurejea huko ndiko kunakonishawishi mimi, maana kama atomi zingekuwa zimepata joto tu, visingerudi upesi hivyo. Anza na mawimbi ya mashua mbili yanayopishana mbele ya gati, ambayo watoto wenu huyaona kila siku, kisha ndipo ulete bao.

Mwalimu wa Langoni:
Nimeelewa, ahsanteni. Najua wataniuliza: kete zikiwa pungufu ya mashimo, je?

Fundi wa Shela:
Basi hazikwami, Mwalimu. Palipo na shimo tupu, kuhama hakugharimu msukumano wowote, na atomi huendelea kutiririka hata mashimo yakiwa na kina kirefu. Ondoa kete moja mbele yao, waone.