Bajeti kwa mwenye kipato cha msimu

Mkulima, Uyole: Ndugu zangu, ninalima mahindi, hivyo fedha huja mara moja tu, baada ya mavuno ya Juni na Julai. Nianzeje kupanga bajeti, ilhali mifano mingi inamhusu mwenye mshahara?

Mwalimu, Iringa: Kabla ya kugawa chochote, tenga fedha za mbegu na mbolea, kwa kuwa mvua huanza Novemba, na ada na sare za Januari, kinachobaki kigawe kwa miezi 12, kisha kila mwezi ujilipe fungu moja.

Mweka hazina wa kikoba, Tukuyu: Naafiki, ila fedha ya mbolea isikae kwenye simu, maana jamaa huikopa.

Mkulima: Na michango ya harusi?

Mwalimu: Iwekee fungu dogo, likiisha, sema limeisha.