Mrejesho: Fielder ya 2005 au Celica ya 2001

Wakuu, niliuliza nichukue gari ipi kati ya hizi mbili za Toyota kwa safari za Dodoma mjini na Mvumi. Nimechukua Fielder, asanteni sana.

Celica inapendeza mno, ila injini yake ni 1ZZ ya miaka ile yenye matundu madogo ya kurudisha oili kwenye pistoni. Yakiziba kwa masizi, ringi za pistoni zinaganda na oili inaungua. Ilipowashwa asubuhi ikiwa ya baridi ilitoa moshi wa bluu, na ndani ya mdomo wa ekzosi kulikuwa na masizi mabichi ya oili. Tena iko chini, makorongo yangeikwangua bampa.

Fielder ina injini ya 1NZ, cc 1,497. Imebaki kubadili bushi (mipira ya miguu) za mbele. Ea klina (chujio la hewa ya injini) inapulizwa kutoka ndani kwenda nje kila wiki mbili, vumbi la kiangazi ni jingi.