Kilima cha babu: inawezekana kukiandikisha kiwe hifadhi na kisiuzwe tena?

Mjukuu_wa_Chamwino

Wakuu habari za jioni, nivumilieni uzi ni mrefu kidogo na naandikia simu.

Babu yetu alituachia kilima huku Chamwino, kama eka 38 hivi kwa kukadiria kwa miguu maana hakuna aliyewahi kupima. Juu ni mawe na mibuyu mitano mikubwa, ubavuni mikwaju, migunga na miyombo ile inayotolewa macho na watu wa mkaa, alafu chini bondeni kuna kichemchemi ambacho hata Oktoba kina unyevu, na Dodoma ya Oktoba mnaijua ilivyo. Enzi za babu hakuna aliyekata hata fito pale bila kumuuliza, ilikua sehemu ya tambiko la mvua, sisi watoto tulikua tunapita mbali kabisa.

Sasa babu hayupo, baba na baba wadogo wawili wamebaki, na binamu zangu wameanza maneno. Tangu serikali ihamie Dodoma kokoto imekua biashara, kuna dalali ameshakuja mara mbili kuuliza bei ya "lile jiwe", na mwingine anataka apewe ubavu mmoja tu achome mkaa msimu mmoja. Msimu mmoja eti. Tunajua huwa inaishaje.

Mimi sitaki hela ya kile kilima na mzee wangu nae hataki, ila tukishakufa sisi nani atazuia? Nina rafiki tulisoma nae yupo Marekani, jimbo la Illinois, ananiambia kule mwenye shamba anaweza kuliandikisha kwa hiari yake kama eneo la asili, au akalitoa kabisa kisheria likafungwa milele, lakini bado ni lake. Hapa kwetu kuna kitu kama hicho? Nianzie ofisi gani? Au ndo nisubiri mpaka wapige baruti?

kokoto_king

Mkuu uza tu ununue Noah, mibuyu haina pensheni 😂

Mjukuu_wa_Chamwino

Nilijua utakuja tu na jina lako hilo.

Dada_wa_Ramani

Mjukuu, achana na huyo. Nimefanya kazi za upimaji na mipango ya ardhi vijijini miaka kadhaa, nikuambie nnachokijua, ila kwanza nikuharibie siku kidogo. Umesema babu aliwaachia. Mirathi mlifungua? Kama hakuna msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ya mwanzo basi kisheria hicho kilima ni cha marehemu, wewe huwezi kukiandikisha popote na binamu zako hawawezi kukiuza pia (ila watauza tu, dalali hajali). Kwa iyo hatua ya kwanza sio maliasili wala misitu, ni kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, mahakama.

Ya pili ndo watu wengi hawaijui na inauma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema ardhi ya kimila ikikaa miaka 5 bila kukaliwa wala kutumiwa inaweza kuhesabika imetelekezwa. Sasa msitu ambao haujaguswa, kwa jicho la mwenyekiti mwenye njaa, unafanana na nini? Unafanana na pori lisilo na mwenyewe! Nimeshaona mzee mmoja ameacha miti ikue miaka kumi na kitu kwa mapenzi yake, siku anarudi kutoka kwa wanae kakuta vijana wamegawiwa viwanja vya alizeti, hoja ikiwa "mzee ulikua hulitumii". Analia anasema nilikua nalitumia, nilikua naliacha!

Ndo maana hatimiliki ya kimila, ile hati ya ardhi inayotolewa na kijiji, ni muhimu, na siku ya kujaza yale makaratasi msiandike kilimo kwa mazoea kisa kila mtu anaandika kilimo. Matumizi yaandikwe msitu, au hifadhi ya chanzo cha maji. Hapo kuacha miti isimame ndo yenyewe matumizi, hakuna wa kukuambia umetelekeza. Na majina yawe ya wanafamilia wote wenye haki, wakiwemo shangazi zako, usifanye ujanja wa kuandika jina la baba peke yake kwasababu siku akiondoka mnarudi hapa hapa.

Alafu chemchemi, hiyo ina ulinzi tayari hata bila wewe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Pimeni hizo mita 60, mjue mstari unapita wapi.

Mjukuu_wa_Chamwino

Dada asante sana. Mirathi hatujafungua, tulikua tunaona ni mambo ya wenye nyumba mjini. Nikuulize, hiyo hatimiliki ya kimila inamfunga mjukuu wangu asiuze?

Dada_wa_Ramani

Haimfungi. Inakulinda wewe dhidi ya wa nje, haikulindi dhidi ya damu yako.

Mdau_wa_Peoria

Salamu kutoka baridini, mimi mzaliwa wa Kongwa ila nipo huku Illinois miaka mingi, naona jimbo limetajwa acha nichangie.

Rafiki yako yupo sahihi ila kachanganya vitu viwili. Kuna kuandikisha na kuna kutoa wakfu, naliita wakfu maana sina neno jingine. Majimbo kama North Carolina yana daftari la maeneo ya asili, mwenye ardhi anakubali kwa maandishi kwamba atalitunza, anapewa heshima yake, lakini akibadili mawazo anatoa taarifa anajitoa. Ni ahadi ya muungwana. Wengi wanaanzia hapo kwasababu haitishi.

Ile ya pili ndo nzito. Illinois walianzisha tume ya hifadhi za asili mwaka 1963, sheria ya kwanza ya aina yake Marekani, na hifadhi ya kwanza kuwekwa chini yake ilikua Illinois Beach mwaka 1964. Mwenye ardhi anasaini hati, inapelekwa kwenye masjala ya ardhi ya wilaya, kuanzia hapo masharti yanaifuata ardhi sio mtu. Anaweza kuuza, kurithisha, kugawa, lakini atakaenunua anakuta masharti yale yale yanamsubiri mlangoni. Hata serikali ikitaka kupitisha barabara ni lazima tume ione kuna ulazima wa umma usioepukika na gavana aidhinishe. Na ili watu wasione wanapata hasara, kodi ya ardhi ya eneo hilo inakadiriwa kwa thamani ya dola 1 kwa eka, na kodi ya ardhi huku sio mchezo, watu wanauza nyumba kwa ajili yake.

Vingi vya hivyo vipande ni vidogo kuliko kilima chako mkuu. Kuna vingine ni makaburi ya zamani ambayo nyasi za asili zilipona kwasababu tu hakuna aliyelima juu ya maiti. Siku naoneshwa nilicheka kidogo nikakumbuka milima yetu ya tambiko.

Mzee wa Kolo

Nimesoma wote. Mimi ni mtu wa Kondoa, nina miaka yangu.

Huyu kijana wa Illinois kasema wakfu na sisi waislamu tunaujua, kitu kikishawekwa wakfu hakiuzwi hakitolewi zawadi hakirithiwi, msikiti wetu shamba lake la minazi kule pwani liko hivyo mpaka leo na aliyelitoa hatumjui hata sura. Kwa hiyo msione ni jambo la kizungu.

Lakini nataka niwakumbushe kitu. Sisi hapa tulihifadhiwa bila kuulizwa. HADO, yaani mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, makorongo yalikuwa yanatisha kweli, mchanga unashuka kutoka milima ya Irangi unafunika mashamba, na 1979 ikatoka amri mifugo yote iondoke eneo lililoharibika. Yote. Ng'ombe wa baba yangu walitolewa na wengine hawakurudi maana walikopelekwa waliisha. Miti ilirudi, siwezi kusema uongo, mkija leo mtaona kijani, ila watu walikaa na kinyongo miaka na miaka na kuna waliokuwa wanaingiza mbuzi usiku kwa makusudi tu. Mti ulikuwa wa mradi, haukuwa wao.

Kwa hiyo kijana kabla hujakimbilia muhuri, wale binamu zako uliowasema vibaya hapo juu, kaa nao. Huyo wa kokoto ana shida gani? Ada za watoto? Ukimfungia kilima kwa karatasi na hajakubali atakuja usiku na shoka, mimi nawaambia.

Mjukuu_wa_Chamwino

Shikamoo mzee. Umenigusa, na ni kweli sijawahi kumuuliza.

Mzee wa Kolo

Marahaba.

Lengatei_boy

Mimi natokea Kiteto, nimeshangaa hamjataja njia ambayo kwa bongo ndo inakaribia hiyo ya kufunga kabisa. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji. Sisi SULEDO, yaani Sunya Lengatei na Dongo, tunaishi kwa hiyo, na Babati Duru-Haitemba walianza hata kabla ya sheria, miaka ya 90 mwanzoni, serikali ilitaka kuuchukua msitu wanakijiji wakasema tuachieni wenyewe tutalinda, na wakalinda.

Inaenda hivi, serikali ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha (sio wazee watano chini ya mti, mkutano mkuu wenye muhtasari na saini za mahudhurio), mnachagua kamati ya maliasili, mnaweka mipaka, mnaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, halmashauri ya wilaya inapitisha sheria ndogo na msitu unasajiliwa. Mkishausimamia miaka 3 mnaweza kuomba utangazwe kwenye gazeti la serikali, hiyo sio lazima ila ikifika huko kuutengua ni kazi. Faini zinabaki kijijini. Mkiwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji ndo safi zaidi, kilima kinaonekana kwenye ramani kwa rangi yake.

Ubaya wake sasa. Ukishauingiza kwenye msitu wa kijiji sio wako tena kama familia, ni wa kijiji, na kamati ikija kuwa mbovu utaangalia tu. Ila kuna nafasi katikati, sheria hiyo hiyo inatambua msitu wa mtu binafsi kwenye ardhi ya kimila na pia msitu wa kikundi ndani ya kijiji. Ukoo wenu mnaweza kuwa hicho kikundi.

Dada_wa_Ramani

Lengatei umeongea vizuri kuliko semina nyingi nilizokaa. Naongeza mawili. Mjukuu hakikisha kwanza hapo kwenu bado ni kijiji na hamjamezwa na eneo la mipango miji, maana Dodoma inavyotanuka kuna sehemu zilikua vijiji leo ni mitaa, na kwenye mtaa hakuna cha mkutano mkuu wa kijiji wala hati ya kimila, utaratibu ni mwingine kabisa.

Na hili la kokoto. Mawe ya ujenzi yanahesabika kwenye Sheria ya Madini, na madini ni mali ya umma hata yakiwa chini ya kitanda chako. Mtu anaweza kuomba leseni ndogo ya uchimbaji juu ya kilima chenu. Tofauti ni kwamba akija akakuta pori lisilo na jina anapita kama upepo, akikuta msitu uliosajiliwa wenye ramani na sheria ndogo kuna mlango wa kumkatalia na kuna mtu wa kumkatalia. Kwa iyo msichelewe.

kokoto_king

Aisee nimesoma mpaka mwisho. Nna swali la kweli, kikundi cha ukoo kikisambaa je? Wazee wakifa vijana wote wapo Dar

Mdau_wa_Peoria

Swali zuri. Nadhani ndo hapo mnaweza kusajili bodi ya wadhamini RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini, bodi haifi hata wajumbe wakifa, mnaweka kwenye katiba yake kwamba kilima hakiuzwi. Ina gharama na ripoti zake lakini. Kwa eka 38 sijui kama ingekua ya kwanza kwenye orodha yangu.

Mjukuu_wa_Chamwino

Wakuu narudi na mrejesho, samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Bado ni kijiji, nimeuliza halmashauri, tumepona hapo. Mirathi tumeanza, kikao cha ukoo kilikaa Jumapili tangu asubuhi mpaka jua linazama na kidogo watu washikane. Binamu wa kokoto nilimfuata kabla kama mzee alivyoniambia, kumbe ana deni la pikipiki ya bodaboda na alishachukua kishika uwanja cha laki mbili kwa dalali! Tumechangishana tumerudisha, dalali ameipokea kwa kununa. Baada ya hapo yeye mwenyewe ndo kasimama kwenye kikao akasema mibuyu ya juu isiguswe. Tumekubaliana eka 8 za chini upande wa barabara wanaotaka walime, juu yote pamoja na bonde iandikwe msitu wa ukoo, na kwa ile sehemu iliyokatwa zamani tutajaribu Kisiki Hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki badala ya kupanda miche, maana visiki bado vinachipua. Mkutano mkuu wa kijiji ni mwezi ujao na mwenyekiti kasema ataweka ajenda.

Swali la mwisho, kabla mpimaji hajaja mipaka tuweke nini? Baba mdogo anataka nguzo za zege, hatuna hela hiyo.

Mzee wa Kolo

Pandeni katani na minyaa kabla mvua haijaisha, mbuzi hawali minyaa. Na kwenye miti ya mpakani pakeni rangi nyekundu usawa wa kifua. Mwite na jirani wa kila upande awepo mnapopaka, alafu asaini.

kokoto_king

Rangi nachangia mimi kopo moja. Nicheki inboksi.