Yule msafisha magari wetu wa Houston ashukuru tu kwamba nina watoto wadogo

Mzee wa Kabureta:
Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Naandika nikiwa gereji, nimekaa juu ya ndoo.

Simtaji jina. Wa Houston mnamjua. Wa Dallas mnamjua pia, si alikuja kwenye ile harusi akaosha magari ya msafara yakanuka nazi mpaka watu wakadhani wali umefika? Huyo huyo. Kofia ya kijani. Anajiita "daktari".

Leo asubuhi nimempa ufunguo. Sio wa Camry ya kuendea kazini. Wa LILE gari. Chevrolet Camaro ya 1969, Z28, ambayo nimeendesha lori miaka kumi na moja na kula maharage ya kopo kwenye kila kituo cha mafuta kati ya Laredo na Chicago ili niipate. Mke wangu anaiita "bi mkubwa". Jumamosi anakuja mzee mmoja wa Kimarekani, kazi yake kukagua magari haya, aangalie namba moja moja na aandike kama kila kifaa ndicho kilichotoka nalo kiwandani. Nikasema bodi ipanguswe vumbi, viti vipigwe brashi, basi. Nikamwambia daktari kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza, nikanyoosha na kidole: kwenye injini USIGUSE.

Narudi saa nane. Boneti iko juu. Jamaa amesimama na kitambaa mkononi, anatabasamu kama mtu aliyekuokotea mtoto sokoni. Ananiambia:

"Mkubwa, kuna mtu alikuwa amekuandikia-andikia chaki huku ndani. Nimekutolea. Hiyo sikuchaji."

HIYO. SIKUCHAJI.

Wakuu, ile haikuwa chaki ya mtoto wa jirani! Ni alama za wafanyakazi wa kiwanda cha Norwood, Ohio. Kuna mtu mwaka 1969 alisimama kwenye mstari wa kuunga magari, akachora kwenye lile bati nyuma ya injini, linalotenganisha moto na miguu ya dereva, ili mwenzake ajue gari hili limepita kwake. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1987 wakakibomoa. Chaki ikabaki. Imevumilia jua la Texas, imevumilia panya, imevumilia mwenye gari wa kwanza aliyekuwa anavuta sigara humo kama treni ya Kigoma. Imekuja kushindwa na daktari na kopo la sabuni ya kukata grisi.

Na hiyo hakuchaji!

Subirini, sijamaliza. Mbele ya silinda hedi ya kulia, bloku, yaani lile chuma kubwa la injini, ina sehemu bapa, upana kama vidole viwili. Pale ndipo injini ilipogongwa kitambulisho chake: V maana yake imeungwa kiwanda cha Flint, kisha mwezi na siku, mwishoni DZ, ambayo ndiyo injini ya Z28, na pembeni tarakimu za gari lenyewe. Chini ya hizo herufi kuna mistari myembamba kama nywele, iliachwa na mashine iliyolainisha chuma kiwandani. Mkaguzi anaitafuta hiyo mistari kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu matapeli husaga namba za zamani wakagonga wanazotaka. Mistari ikifutika, hata uape umeshika Msahafu hakuna anayekusikiliza.

Sasa daktari ananionyesha pale pale kwa kidole, ananiambia: "Na hapa pana mikwaruzo mikwaruzo, nilitaka kupapiga msasa pang'ae. Bahati mbaya msasa umeniishia."

Ndiyo maana nimekaa juu ya ndoo. Miguu haina nguvu. Aliyetengeneza ule msasa mfupi Mungu amzidishie.

Akafunga mabegi yake, akadai dola 250, akaniomba nimpe nyota tano. Lakini chaki hakuchaji.

Kipanga wa Gerezani:
Uzi bila picha ni chai.

BintiPangani:
Yaani baba mzima unalia kwa sababu umesafishiwa gari? Kwetu mtu akikutolea uchafu bure unamnunulia soda.

Mzee wa Kabureta:
Dada, sio uchafu. Ni chaki ya 1969.

BintiPangani:
Basi andika nyingine. Kwani chaki shilingi ngapi?

Nyati Mpole:
Msimcheke jamani, kaumizwa kweli. Haya magari ya Chevrolet shida yake ni kwamba kiwanda hakikuacha kumbukumbu za gari moja moja ambazo unaweza kuomba. Namba ya gari ikianza 12437 inakwambia tu kwamba ni Camaro ya milango miwili yenye V8. Haisemi Z28. Kile kibati cha bodi, Norwood walianza kuweka herufi X mwishoni mwa 1968. Ukikuta X33 au X77 unapumua, maana hiyo ni Z28. Vingine vyote unasoma kwenye chuma: namba ya bloku, tarehe chuma kilipomiminwa, tarehe injini ilipoungwa, tarehe ya bodi. Lazima zifuatane. Nilimkuta bwana mmoja Arlington anatamba na gari lake, kuangalia, bodi ni ya Februari, bloku imemiminwa Mei. Mtoto kamzaa mama.

Kwa hiyo chaki kama ile ni shahidi. Ila mkuu, na wewe una lako. Gari ambalo halijawahi kuguswa halipewi mtu wa ndoo na presha. Linasafishwa na mwenyewe, kwa brashi ya kunyolea ndevu, pamba za masikio na yale maji masafi ya kujazia betri, sentimita moja moja, huku umezima simu. Na omba Mungu hakupitisha mashine ya polish. Rangi za kiwandani za GM, kampuni mama ya Chevrolet, za miaka ile ni lakwa, nyembamba, kwenye kona za bodi mashine inaila dakika moja unaona bati.

Mzee wa Kabureta:
Usinitajie mashine ya polish. Sijaenda kuangalia upande wa pili wa gari. Nina watoto.

Mkwe wa Watu:
Ungenunua Mustang haya yasingekukuta. Kuanzia 1967 kumbukumbu za Ford zipo, unalipia ripoti ya Marti, inakwambia mpaka rangi na gia iliyotoka nayo. Wewe umekwenda kununua gari ambalo cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa kwa chaki 😂😂

Kipanga wa Gerezani:
"Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa kwa chaki." Nimekufa. Zikeni bila mimi.

BintiPangani:
Z28 ni nini lakini? Naona mnaitaja kama jina la mtume.

Nyati Mpole:
Ni Camaro iliyotengenezwa ili iruhusiwe kwenye mbio za Trans-Am, kikomo cha injini kilikuwa lita 5. Injini inchi za ujazo 302, kiwanda kikaandika nguvu za farasi 290 na watu wakacheka, maana walijua wamepunguziwa hesabu. Mwaka 1969 zilitoka 20,302. Leo ukihesabu zinazouzwa kwa jina hilo unaweza kudhani zinazaliana usiku.

Msee wa Grogan:
Nyinyi mnalia chaki. Mimi huku Nairobi nimeosha gari mahali wananipea na chai, kufika nyumbani vioo vya pembeni havipo. Naenda kutafuta vingine, nauziwa vyangu! Najua ni vyangu kwa sababu stika ya shule ya mtoto bado iko nyuma. Jamaa ananiambia "boss, hizi ni orijino kabisa". Ukitaka kuhakikisha kifaa ni orijino, hiyo ndiyo njia.

Sele Muosha Magari:
Na sisi waoshaji nani atatuanzishia uzi? Juzi mteja kaniletea Noah imebeba dagaa kutoka Mwanza, maji ya dagaa yameingia mpaka chini ya zulia, anataka inukie mpya, kwa elfu saba. Nikamwambia kaka, hapa sihitaji sabuni, nahitaji shehe. Akaondoka anasema nina dharau.

Mzee wa Kabureta:
Naomba turudi kwenye mada. MREJESHO: daktari kaweka gari langu kwenye status yake. "Kabla na Baada." Kwenye picha ya "Kabla" chaki inaonekana YOTE, vizuri kabisa, ina mpaka mkia wa herufi. Kwenye "Baada" pamekuwa peusi panang'aa kama kisogo cha mjomba wangu.

Nyati Mpole:
Mkuu, acha hasira, iombe hiyo picha ya "Kabla" ikiwa kamili. Sasa hivi hiyo ndiyo ushahidi pekee kwamba chaki ilikuwepo. Mpe mkaguzi Jumamosi.

Mzee wa Kabureta:
Nimeiomba. Kanijibu: "Mkubwa, picha za kazi zangu ni dola 20. Hiyo nachaji."

Kipanga wa Gerezani:
HIYO NACHAJI 😭😭😭 huyu daktari apewe maua yake.

Mkwe wa Watu:
Lipa mkuu. Na nyota tano umpe.

Mama Shughuli:
Sijasoma uzi wote ila naona tunazungumzia mafundi. Nina fundi wangu cherehani wa Sinza, simtaji, mnamjua. Nimempa kitenge cha sare, yadi sita, shughuli Jumamosi. Nimekwenda kuchukua gauni, halipandi magotini. Namuuliza, ananiambia "dada, kitambaa kilibaki nikakushonea kilemba, hicho nimekupa tu". Kilibaki vipi wakati gauni haliingii?!

BintiPangani:
Wa Sinza yule anayeshona huku anaangalia mpira? Huyo gauni la shemeji yangu kaliwekea zipu kwa mbele. Kasema ndiyo fasheni.

Sele Muosha Magari:
Zipu ya mbele 😂 kwani shemeji ni mkoba?

Msee wa Grogan:
Mama Shughuli weka picha ya gauni tukusaidie.

Mama Shughuli:
[picha]

Kipanga wa Gerezani:
Huu sasa ndio uzi. Una picha. Ila mama, hilo ni blauzi.

BintiPangani:
Vaa na suruali nyeupe mamaangu, waambie ndivyo ulivyoagiza. Kilemba kizuri lakini, msema kweli.

Mzee wa Kabureta:
Jamani. Camaro. 1969. Chaki.

BintiPangani:
Kaka subiri kidogo, tunamalizia la sare.

Bi Mdogo wa Camaro:
Baba Rehema, shuka kwenye ndoo uje ule, ugali unapoa. Nimeshamlipa hizo dola 20, picha iko kwenye simu yangu. Na wewe Mama Shughuli, naja Dar Desemba, nitumie namba ya huyo fundi. Hicho kilemba nimekipenda.