Nafundisha watu wazima ulinzi wa taarifa binafsi kwa simu, maneno yananikwamisha. Naombeni ushauri

Mwalimu wa Jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Dodoma, Nkuhungu. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 19. Tangu mwezi wa pili naendesha darasa la watu wazima kwa njia ya simu, Jumanne na Alhamisi saa 2 usiku, watu wakishamaliza kula. Wanafunzi ni 38: watunza hazina wa vikoba, wenye saluni, mawakala wa fedha za simu, dada mmoja wa mapokezi kwenye nyumba ya kulala wageni, na mzee mmoja wa Bahi anayeshika daftari la wakulima wa mpunga. Kila mmoja wao ana majina na namba za watu wengine mikononi, ndiyo maana nikaona tusome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Somo wanalipenda. Kinachonikwamisha ni maneno.

Siku ya kwanza nilisema "ulinzi wa data", nikauliza nani analinda data zake. Mama mmoja akajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa uhakika kabisa, kwamba yeye hulinda: akimaliza kutuma meseji anazima, na asubuhi analikuta bando lake lilivyokuwa. Wala sikuona amekosea. Kwake yeye data ni kitu cha kuwasha na kuzima, na ndivyo tunavyosema sote. Nikahamia "taarifa", wengine wakawaza taarifa ya habari. "Faragha" ilileta ukimya, maana kwa watu wengi huku neno hilo linakaa chumbani kwa mume na mke, na darasani nina mtu na mkwewe. "Ridhaa" wanaijua ya posa. "Mhusika wa taarifa" walidhani ni mtuhumiwa, kwa sababu wamezoea kusikia "wahusika wamekamatwa". "Mchakataji" ndilo lilishindikana kabisa.

Nikaandaa orodha ya maneno 30 na maana zake, nikaituma kwenye grupu kama picha. Wiki iliyofuata nikauliza maneno matano tu. Walioyakumbuka yote ni wanne.

Halafu kuna jambo lililoninyima usingizi. Dada mmoja alijitoa kwenye grupu bila kuaga. Nilipompigia akaniambia tangu aingie kuna mwanamume asiyemjua anamtumia meseji usiku, na namba yake kaitoa kwenye grupu letu. Imeniuma sana. Nafundisha watu kulinda namba za wenzao, na namba yake imetokea kwangu.

Naombeni ushauri. Nifundisheje maneno haya yakae? Niyaache ya sheria, nitumie ya mtaani? Na hili la grupu nifanyeje?

Nawasilisha.

Alizeti Kibaigwa

Mwalimu, pole na hongera kwa kazi. Mimi nina mashine ya kukamua alizeti hapa Kibaigwa, na hilo "kuchakata" linalowashinda watu wako sisi tunalala nalo. Mkulima analeta magunia, mimi nakamua, mafuta ni yake, mashudu tunapatana. Nikiyauza mafuta yake kwa mtu mwingine nimeiba, hata kama mashine ni yangu na umeme nimelipa mimi. Huyo ndiye mchakataji: anaifanyia kazi mali aliyoletewa, kwa maagizo ya aliyeleta. Kikoba kikimpa kijana daftari aliingize kwenye kompyuta, kikoba ndicho mkusanyaji na kijana ndiye mchakataji. Waulize waliowahi kupeleka alizeti mashineni, wataeleza wenyewe kabla hujamaliza swali.

Binti Pwani

Kaka wa Kibaigwa, mfano wako mzuri, ila kuna mtu hayumo. Yuko wapi mwanachama mwenyewe? Kwenye mfano wako mkulima ndiye kikoba, na alizeti ni mali yake mwenyewe. Mwanachama hajakiuzia kikoba namba yake. Amekiazimisha kwa kazi moja, kuitwa kwenye kikao na kukumbushwa hisa, na anaweza kuuliza wakati wowote imetumikaje. Mhusika ni huyo. Mwalimu usimwache nje ya mfano, la sivyo watakumbuka mashine na kumsahau mtu.

Na sisi wa huku Mombasa sheria yetu ya mwaka 2019 inasema "data" waziwazi. Waambie wanafunzi wako mapema, wasije wakasoma ya Kenya wakadhani ni kitu kingine.

Steshenari ya Majengo

Mwalimu, mimi nitakueleza nililofanya, labda litakusaidia kufundisha.

Nina mashine ya kutoa kopi jirani na soko la Majengo. Kopi zikitoka na wino hafifu nilikuwa naziweka pembeni, na mama muuza karanga alikuwa anakuja kuzichukua za kufungia. Niliona namsaidia. Siku moja nikanunua karanga kwake, nikafungua kikaratasi, nikakutana na sura ya mteja wangu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), vyote vinasomeka. Mteja ninayemfahamu, mama wa watoto watatu, ananiamini. Nilikaa na kile kikaratasi mkononi nisijue nikipeleke wapi. Tangu siku hiyo kila kopi mbovu naichana mbele ya mwenyewe, na wengine hushangaa kwa nini.

Kwa hiyo usianze na maana ya "taarifa binafsi". Anza na kikaratasi cha karanga, uliza: kwenye karatasi hii kuna nini ambacho ukikiona unajua ni fulani? Watataja jina, picha, namba, saini. Wakishataja, wape neno. Na huyo dada wa mapokezi mwombe awasomee vichwa vya daftari la wageni bila kusoma majina: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, simu. Kila mgeni anayejaza anasoma habari za aliyelala jana. Sote tumelijaza daftari hilo.

Usiku huohuo kila mmoja apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Akikuta asiyoitambua, neno "taarifa binafsi" halitamtoka tena kichwani.

Kijana wa Area C

Mimi naona achana na maneno ya sheria. Sema "siri za watu" na "ruhusa", yanatosha. Watu wamechoka jioni.

Mama Mikopo

Mdogo wangu, hapana. Nitakwambia kwa nini.

Mwaka juzi nilikopa kwenye programu moja ya simu, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Nilipoifungua iliuliza kama nakubali isome majina yote kwenye simu yangu. Nikabonyeza "Nakubali" kwa sababu nilikuwa na mtoto mgonjwa na bila kubonyeza hapo haiendelei mbele. Nilichelewa siku nne. Wakatuma meseji kwa kila mtu, mpaka mzee wa kanisa, mpaka mwalimu wa mwanangu, kwamba mimi ni tapeli. Nilipokwenda kulalamika, niliyemkuta aliniuliza, "Ulitoa ridhaa?" Nikasema sijatoa kitu chochote, sina kitu. Sikulijua neno. Nilijibu kama mtu aliyeulizwa rushwa.

Benki Kuu ilikuja kupiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni, Novemba 2024. Nilifurahi, ila mzee wa kanisa alikuwa ameshasoma.

Kwa hiyo Mwalimu, tafadhali, wafundishe maneno yenyewe. Fomu haitaandikwa "siri za watu". Itaandikwa "mhusika", na mama anatakiwa ajue kwamba mhusika ni yeye, na kwamba hajashtakiwa. Ya mtaani yawe njia ya kufikia ya sheria.

Mjukuu wa Mvumi

Mbukwenyi. Mwalimu, faragha na ridhaa zifundishe kwa hodi.

Mtu hafiki kwako akaingia tu, anapiga hodi. Hiyo nafasi kati ya hodi na karibu ndiyo faragha, na hapo mkwe na mkwewe wanaweza kuongea bila aibu. Ukisema karibu, umetoa ridhaa. Na aliyekaribishwa sebuleni hajakaribishwa chumbani: aliyeomba namba ili akutumie risiti hajaombea ya kukutangazia dawa za nguvu. Unaweza pia kumwambia mgeni sasa inatosha, naomba nipumzike, na sheria nayo inakuruhusu kuondoa ridhaa uliyotoa.

Pale watakapokukwamisha ni kwenye ukimya. Wazee wetu husema bibi harusi akinyamaza karidhia. Watalileta hilo, jiandae. Kwenye hodi, mwenye nyumba akinyamaza, mgeni anaondoka.

Mzee wa Mpwapwa

Mwalimu, nimesoma yote. Nina miaka 71. Nataka nikukumbushe kwamba kufundisha watu wazima kwa mbali hamkuanza ninyi na simu. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, nilikuwa kijana nimetoka shule, nikafanywa kiongozi wa kikundi. Redio moja, watu kama kumi na watano, chini ya mbuyu. Tulisikiliza kipindi, redio ikazimwa, nikasoma kitabu kwa sauti, tukabishana, kisha tukaamua kitu cha kufanya. Tulichimba vyoo. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2.

Neno "kichocho" halikukaa kwa sababu redio ililieleza vizuri. Lilikaa kwa sababu jioni ile tulikwenda kufyeka majani kando ya bwawa huku tukilitaja. Wewe una redio tayari, yaani simu. Huna kikundi. Wanafunzi 38 ni umati. Wagawe watano watano kwa mitaa, wanaojuana, wakutane ana kwa ana mara moja kwa wiki hata nusu saa, na kila kikundi kifanye kitu kimoja: wafungie daftari la kikoba kwenye kabati, wafute namba za waliokwishajitoa. Watakapokuwa wanafanya, watayataja maneno.

Mlimani Dodoma

Shikamoo mzee wangu wa Mpwapwa. Umesema jambo ambalo sisi tunalisoma kwa Paulo Freire, mwalimu wa watu wazima wa Brazil. Yeye na wenzake walipofundisha wafanyakazi kusoma na kuandika pembezoni mwa Brasília, neno la kwanza walilochagua lilikuwa "tofali", kwa sababu mji ulikuwa unajengwa na mikono ya hao hao. Sisi pia tupo kwenye makao makuu yanayojengwa, Mwalimu. Tofali la wanafunzi wako ni lipi? Nadhani ni daftari.

Nyongeza mbili. Maneno 30 kwa mkupuo ni mengi mno. Chukua matano, yarudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, na kila mara waulize wao watamke kabla hujawakumbusha. Anayejitahidi kulikumbuka neno hulishika kuliko anayelisoma tena kwenye picha.

La pili, grupu. Kwenye WhatsApp kila aliyemo anaona namba za wenzake, na hakuna aliyeulizwa. Tumia orodha ya matangazo: wewe unatuma, kila mmoja anapokea peke yake, anakujibu wewe tu. Sharti wawe wameihifadhi namba yako. Vikundi vya watano wanaojuana viwe na magrupu yao, kwa kukubaliana. Huyo dada mwombe radhi, msaidie kumzuia huyo mtu, na wenzake waambie lililotokea bila kumtaja.

Ukifika kwenye taarifa nyeti, simama hapo muda mrefu. Wengi wanajua afya na dini. Sheria yetu imeweka pia miamala ya fedha ya mtu na taarifa za watoto. Mtunza hazina akijua kwamba marejesho ya mwenzake ni taarifa nyeti, hataipiga skrinishoti akairusha kwenye grupu la familia.

Mwalimu wa Jioni

Wakuu, asanteni sana. Shikamoo mzee wangu. Dada wa mikopo, nimekusoma mara mbili, pole mno.

Nimerudi na mrejesho wa Jumanne. Grupu kubwa nimelifunga Jumanne hiyo, baada ya somo. Kabla ya kulifunga niliwaambia kilichotokea na kuwaomba radhi wote. Yule dada nimemfuata nyumbani kwake Kizota, tumekaa, amekubali kurudi kwa njia ya matangazo. Yule mwanamume tumemtambua, amezuiwa, na nimemtoa darasani.

Somo nilianza kwa kupiga hodi. Nilituma ujumbe wa sauti: "Hodi. Naomba kurekodi darasa la leo ili walio shambani wasikilize kesho. Nani ananikaribisha?" Wakajibu mmoja mmoja. Karibu. Karibu. Wawili hawakujibu, na mtu akasema kunyamaza ni ridhaa, kama ulivyonionya, mjukuu wa Mvumi. Tulibishana dakika ishirini. Mama wa bando ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema, "Mimi nikipiga hodi nisipoitikiwa, naondoka. Nikiingia nitaitwa mwizi." Sauti za hao wawili sikurekodi.

Nilitoa maneno matano tu: taarifa binafsi, mhusika, ridhaa, mkusanyaji, mchakataji. Leo Alhamisi nimeyauliza bila kuwakumbusha. Nimepokea majibu 29, na 22 wameyataja yote. "Mchakataji" watu wa Bahi wamelihamishia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nami nikawaachia.

Nilikuwa nafunga darasa, yule mzee wa daftari akatuma ujumbe: "Mwalimu, mimi ni mhusika. Hizi sauti zetu unazokusanya utakaa nazo mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe mpaka kesho. Nimekaa nimefikiri, na nimeamua zifutwe zote siku ya kufunga kozi, tarehe 30 mwezi wa sita, na yeye ndiye atakayekaa pembeni yangu kushuhudia. Asubuhi nampigia.