Kushusha gari: nikate springi zilizopo au ninunue fupi?

KasiPole
Wakuu habari zenu. Gari langu limekaa juu mno, kati ya tairi na fenda inaingia ngumi nzima. Fundi anasema tukate springi mzunguko mmoja na nusu kila kona, nusu siku tumemaliza. Rafiki yangu anasisitiza ninunue springi fupi za kiwandani. Mwingine anasema niweke koilova kabisa, zile za kupandisha na kushusha kwa kuzungusha. Jumamosi nimemwahidi fundi. Nifuate lipi?

FundiKimya
Gari gani? La mwaka gani? Unataka lishuke sentimita ngapi? Shokapu zina umri gani? Mkuu, umekuja kutaka dawa hujasema unaumwa wapi.

Tairi4
Na kiti cha nyuma wanakaa watu? Gari la mtu mmoja na gari linalobeba familia na mizigo ni hesabu mbili tofauti.

BintiGereji
Wakati tunamsubiri, mimi naweka kura yangu kwenye springi fupi za kiwandani. Nina springi za kampuni ya Eibach mwaka wa nne sasa, sijajuta. Zimefupishwa, lakini waya na mizunguko yake vimepangwa upya ili ziwe ngumu kiasi cha kufidia nafasi iliyopungua, na ncha zake zinakaa sawasawa kwenye kiti chake, yaani kile kikombe cha chuma kinachoishika springi. Hayo grainda haiwezi kukupa.

Dereva_wa_Usiku
Grainda inaonewa. Kwanza watu wajue kuwa springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, wengi wanadhani inalainika. Waya ni uleule, kipenyo kilekile, kilichopungua ni mizunguko. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukitoa 1, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Na ukitaka kujua itashuka kiasi gani, pima urefu unaochukuliwa na mzunguko mmoja gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo springi ikiwa mezani. Kama ni milimita 35, ukikata mmoja springi inafupika 35. Kwenye gurudumu mara nyingi ni zaidi, kwa sababu springi imekaa ndani kidogo kuliko tairi. Huyo fundi wa mzunguko mmoja na nusu kila kona amepima au amekisia?

KasiPole
Samahani wakuu. Ni Honda Civic ya 1998, sedani. Nataka ishuke sentimita 4 hivi. Shokapu sijui, nililikuta nazo nilivyonunua. Nyuma wanakaa watoto wawili. Fundi hakupima.

FundiKimya
Hiyo "sijui" ndiyo inanitisha kuliko springi. Shokapu iliyochoka ukiiwekea springi ngumu, haiwezi kuituliza. Gari litaruka-ruka kwenye kona yenye mawimbi na tairi itakuwa inaachia lami. Tena ukishusha, pistoni inafanya kazi chini muda wote, karibu na raba ya kuzuia kugonga. Anza na shokapu.

Tairi4
Ngoja niwaambie yaliyonikuta. Gari langu la zamani nyuma lilikuwa na springi imekaa peke yake, shokapu pembeni. Fundi mmoja alikata mizunguko miwili kila upande, kwa grainda, kazi safi kwa macho. Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Ya pili nikaanza kusikia "kong" kila nikitoka kwenye tuta. Nikadhani ni bushi, nikabadilisha bushi. Sauti ikabaki. Siku moja nikapata pancha usiku, mke wangu na mtoto wako ndani. Nikawashusha, nikapiga jeki, gurudumu likaning'inia, na springi ikadondoka chini mbele ya miguu yangu. Ilikuwa fupi kuliko nafasi yake. Kumbe kila nikivuka tuta kwa kasi ilikuwa inaachia kiti na kurudi popote inapoangukia. Ingeweza kurudi pembeni, ikachana tairi barabarani nikiwa na familia. Mpaka leo nikiona grainda karibu na springi naondoka.

Dereva_wa_Usiku
Pole sana ndugu. Ila ya Civic imevikwa kwenye shokapu, haidondoki.

Tairi4
Haidondoki, lakini gurudumu likishuka inabaki huru na inaweza kuzunguka. Ncha iliyokatwa ikitoka kwenye kiti chake, ile "kong" ni ileile.

Msafiri77
Hiyo ina strati mbele, yaani shokapu ndiyo inashika gurudumu kwa juu, tairi zitalala tu kuelekea ndani na kuliwa upande wa ndani. Usishushe.

BintiGereji
Hapana, Civic ya 1998 ina mikono miwili ya kushika gurudumu, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Strati za mbele zilikuja na kizazi cha 2001. Tairi zitalala kweli, ila kulala kidogo hakumalizi tairi. Kinachoimaliza ni kuangalia pembeni. Tairi iliyolala huku inaangalia mbele sawasawa inadumu, inayoangalia pembeni inasuguliwa na lami kila ikizunguka.

Msafiri77
Zangu zililiwa ndani na alaimenti, ile ya kunyoosha mwelekeo wa tairi, nilifanya.

BintiGereji
Ulifanya kabla au baada ya kushusha?

Msafiri77
Kabla.

FundiKimya
Jingine wanalosahau: bolti za bushi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Zikazwe uzito ukiwa kwenye magurudumu, la sivyo raba inabaki imesokotwa na kuchanika mapema. Taa za mbele nazo zipangwe upya. Na yeyote anayesema atakata kwa gesi, mkimbie. Moto unaharibu ugumu wa chuma.

KasiPole
Nimemwambia fundi asubiri. Nitakagua shokapu kwanza. Springi fupi zimenivutia, ila koilova hamjazigusa kabisa, na bado natamani kushusha kabla ya mwisho wa mwezi.

Dereva_wa_Usiku
Koilova ya bei ya chini ni mbaya kuliko springi iliyokatwa vizuri, nipo tayari kubishana hata wiki nzima.

Msafiri77
Na pikapu yenye springi za majani nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, inashushwaje?

FundiKimya
Ekseli imepita juu ya majani au chini?